Nyumba haijahama, eneobunge limehama

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Houston, Texas. Nasoma gazeti lenu kwa simu kila asubuhi kabla sijaingia zamu, na wiki hizi naona barua za wasomaji zinazunguka palepale, mmoja anasema demokrasia ya Marekani imekufa tuizike, mwingine anasema waacheni waonje walichokuwa wanatupikia sisi. Nikipiga simu Likoni mamangu naye ananiuliza, eti huko kwenu wanajeshi wako barabarani? Miji mingine waliingia kweli mwaka 2025, Los Angeles na Washington, lakini hapa kwetu mama, barabarani kuna foleni ya magari tu. Yanayotusumbua sisi hayapigwi picha.

Hebu niwasimulie eneobunge moja tu, la 18 la Texas, ambalo nimeishi ndani yake miaka yote niliyokaa hapa. Si eneobunge la hivihivi. Barbara Jordan alilichukua uchaguzi wa 1972, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya kusini kuingia Bunge la Marekani, akaja Mickey Leland ambaye alifia kwetu Afrika, ndege yake ilianguka Ethiopia Agosti 1989 akiwa njiani kwenda kambi ya wakimbizi ya Fugnido. Uwanja wa ndege wa hapa, jengo la ndege za kimataifa lina jina lake, mimi nilipofika na begi langu moja nililiona lile jina nikadhani ni tajiri fulani aliyetoa pesa za kujenga.

Sheila Jackson Lee naye alikalia kiti hicho karibu miaka 30, akafariki Julai 2024. Akachaguliwa Sylvester Turner aliyekuwa meya wetu, akaanza kazi Januari 2025, usiku wa tarehe 4 Machi akahudhuria hotuba ya Trump bungeni, kulipokucha tukaambiwa amefariki. Mungu amrehemu.

Sasa hapo ndipo mambo yanapoanza. Katiba ya Marekani inasema kiti kikiwa wazi gavana wa jimbo ndiye anayeitisha uchaguzi mdogo, lakini haimwambii ni lini. Gavana Greg Abbott, ambaye ni Mrepublikan kama Trump, akapanga 4 Novemba. Miezi minane! Wagombea walikuwa wengi hakuna aliyepita nusu, duru ya pili ikasogezwa mpaka 31 Januari 2026, ndipo akapatikana Christian Menefee. Piga hesabu mwenyewe, karibu miezi 11 watu zaidi ya laki saba hawana mbunge. Najua mtaniambia watu wa eneobunge la Banissa kule Kenya walikaa hivyo tangu Machi 2023 mpaka Novemba 2025, ni kweli kabisa na wale nawahurumia zaidi, lakini Kenya tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Hapa makarani wapo, mashine zipo, pesa ipo, kilichokosekana ni tarehe.

Na kiti kikikaa kitupu kuna mtu anafaidika. 22 Mei 2025 ule mswada mkubwa wa Trump wa kodi na matumizi ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 215 kwa 214. Kura moja jamani. Wademokrat watatu walikuwa wamefariki ndani ya miezi mitatu na Turner ni mmoja wao. Sisemi mswada ungeanguka, maana Warepublikan wawili hawakupiga kura kabisa, Spika mwenyewe alisema mmoja alipitiwa na usingizi, nadhani kama hesabu ingekuwa mbaya wangemwamsha. Lakini ndani ya mswada huo ndimo ilimokuwa kodi ya pesa tunazotuma nyumbani, mwanzo ilitajwa asilimia 5 kwa wasio raia, ikashuka 3.5, mwisho ikawa sheria kwa asilimia 1 kwa kila anayetuma kwa keshi, raia na asiye raia, ukitumia akaunti ya benki au kadi unasalimika. Ilianza Januari 2026.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la kutumia pesa, mbele yangu mzee mmoja wa Goma, wa Goma tunajuana kwa Kiswahili, ametoa dola 300 anazihesabu noti moja moja juu ya kaunta kama mtu anayeagana nazo, akamaliza, akalipa na ada ya kutuma, binti wa kaunta akamwambia bado dola 3. Za nini? Binti akageuza skrini akamwekea kidole pale, za serikali baba. Mzee akanigeukia, "Ni nani alitupigia hii kura?" Nikatafuta jibu sikulipata, maana siku ile inapigwa mara ya kwanza eneobunge letu halikuwa na mtu pale ndani. Kwa hiyo wewe msomaji unayesema waacheni waonje, anayeonja ni huyu, na mama wa mtu Goma.

Kiti kikiwa bado kitupu, Agosti 2025 wakachora upya ramani ya maeneobunge 38 ya Texas. Kwa kawaida hiyo kazi hufanywa kila baada ya miaka 10 sensa ikishatoka, ya mwisho ilikuwa 2020, ijayo 2030. Trump akataka viti vitano zaidi, chama chake kilikuwa na 25 kati ya hivyo 38, basi ikachorwa katikati ya safari. Wademokrat zaidi ya 50 wa bunge la jimbo wakatoroka, wengi wakaenda Illinois ili akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kikao kifanyike, isitimie, kama wiki mbili hivi, wakarudi, ramani ikapita, 29 Agosti Abbott akatia saini. Novemba mahakama ya shirikisho ya El Paso, hapahapa Texas, ikaizuia, na hukumu aliiandika jaji aliyeteuliwa na Trump huyohuyo, akasema inaonekana ilichorwa kwa kuangalia rangi za watu. 4 Desemba Mahakama ya Juu ikairuhusu itumike. Upande wa Texas ulijitetea kwamba hawakuangalia rangi, waliangalia chama tu, na kwa chama huna pa kushtaki kwa sababu 2019 Mahakama hiyohiyo ilisema kwa kura 5 kwa 4 kwamba kuzuia uchoraji wa kunufaisha chama si kazi ya mahakama za shirikisho. Ni kama mtu akamatwe na mbuzi wako aseme mimi nilikuja kuiba ng'ombe, halafu askari amwambie aa, basi nenda.

Matokeo yake kwangu ni haya. 31 Januari nilipiga kura kwa mipaka ya zamani nikamchagua Menefee, awe mbunge wangu mpaka mwaka 2026 uishe. Mchujo wa wagombea wa kila chama ukapangwa 3 Machi 2026, kwa mipaka mipya, na nyumba yangu imeangukia eneobunge la 29. Nilifungua ramani kwenye simu nikaikuza mpaka nikaliona paa langu. Menefee akagombea 18 mpya, ambayo imejazwa watu waliokuwa wa Al Green wa eneobunge la 9, na hilo la 9 nalo limesukumwa mashariki waliko Warepublikan, kwa hiyo Green, mzee aliyekuwa na miaka 78, yule aliyetolewa nje na mkongojo wake kwenye hotuba ileile ya Trump, akahamia 18, wabunge wawili Wademokrat wakawa wanagombania kiti kimoja. Aliyechora ramani anakunywa chai.

Wala msidhani Wademokrat ni malaika. California walijibu kwa kuchora yao, wakaipeleka kwa wananchi 4 Novemba 2025 ikapita kwa karibu asilimia 64, wapate vitano vyao. Rafiki zangu hapa walishangilia, mimi sikushangilia. Wananchi angalau waliulizwa, hilo nakubali, lakini Mrepublikan wa kijijini California leo yuko kama mimi tu.

Ila kwa wanaotaka tuizike, someni kilichotokea Indiana. Seneti ya jimbo lile ina watu 50, wakati huo Warepublikan walikuwa 40. Trump aliwabana wachore upya, maseneta wengine wakapokea vitisho mpaka majumbani mwao, na 11 Desemba 2025 wakaikataa ramani kwa kura 31 kwa 19, kati ya hao 31, 21 ni wa chama chake. Maiti haifanyi hivyo.

Jirani yangu ni mama mmoja mweusi mzaliwa wa hapa, amepiga kura katika eneobunge la 18 tangu enzi za Barbara Jordan na mfukoni ana kadi ya mpiga kura yenye namba hiyo. Upigaji kura wa mapema wa mchujo huo ulipangwa kuanza 17 Februari 2026, nikamwahidi nitampeleka na gari nikitoka zamu. Akaniuliza kama jina la yule kijana tuliyemchagua litakuwepo kwenye mashine. Nikamwambia halitakuwepo, akanitazama kama mimi ndiye niliyechora.

Msomaji wenu,
Houston, Texas