Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: kabla ya gari jipya la zimamoto, pimeni yaliyopo

Mheshimiwa Meya,

Yah: Magari na vifaa vya kituo cha zimamoto cha jiji

Salaam na heshima. Nimesikia kwamba jiji linajiandaa kununua gari jipya la zimamoto, na kama mkazi nimefurahi. Ombi langu ni moja, nalo ni la kabla ya mkataba kusainiwa: agiza magari na vifaa vilivyopo kituoni vipimwe kimoja kimoja, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wananchi watayasoma. Nimefanya ufundi wa pampu za magari haya kwa miaka mingi, kwa hiyo nasema habari za vitu nilivyovishika.

Moto mkubwa ukishateketeza nyumba, lawama huwa ileile: zimamoto wamekuja bila maji. Mara nyingi maji walikuwa nayo. Tangi la lita 3,000 likilisha mipira miwili ya kumwagia maji, kila mmoja ukitoa lita 450 kwa dakika, halifikishi dakika ya nne. Hayo ni maji ya kuanzia tu. Baada ya hapo gari linategemea haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto lililoko mtaani, au boza, au linyonye lenyewe kutoka mtoni au bwawani. Watu wanaona injini inanguruma na mpira umelala chini umelegea, wanaanza kuwatukana askari ambao hawana kosa lolote.

Katika kunyonya ndipo pampu mbovu inapoumbuka. Pampu haiyavuti maji kama watu wanavyodhani. Inatolewa hewa iliyomo kwenye bomba la kunyonyea, kisha kani ya hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Ndiyo maana hata pampu mpya kabisa haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, na kazini tunahesabu mita 7. Sasa washa, ile pete ya mpira inayoziba kiungo cha bomba, ikikauka na kupata ufa mwembamba kama unywele, hewa inapenya na maji hayapandi. Nimeona gari zima, injini nzuri, rangi inang'aa, likishindwa kazi kwa sababu ya washa.

Kuigundua kasoro hiyo ni rahisi. Unaziba mdomo wa bomba kwa kifuniko chake, unawasha praima, kile kifaa cha kutoa hewa kwenye pampu, hadi hewa itoke, unaizima, kisha unaitazama geji kwa dakika 5. Mshale ukirudi haraka, pana mahali panavuja. Unapitisha sikio kiungo kwa kiungo mpaka usikie mluzi. Ni kazi ya asubuhi moja. Viwango vya NFPA, chama cha kinga ya moto cha Marekani, vinavyofuatwa hata nje ya nchi hiyo, vinataka pampu ipimwe kila mwaka, na mipira ya kuzimia ipimwe kwa presha kila mwaka vilevile. Mpira uliokunjwa ukiwa na maji huoza kwenye mikunjo, na hupasuka pale pale presha inapopanda, yaani wakati askari ameshausogeza mlangoni pa moto.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye zabuni huwa halitajwi: viungo vya mipira. Februari 1904 mji wa Baltimore uliungua kwa takriban saa 30 na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Vikosi vilitoka Washington, Philadelphia na New York kwenda kusaidia, lakini mipira ya wengi wao haikuingia kwenye haidranti za Baltimore, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kipimo chake. Nakuomba sana, Mheshimiwa, gari jipya lisiingie jijini na viungo visivyolingana na haidranti zetu, wala na vya magari tuliyonayo. Adapta zipo, ila askari asianze kuzitafuta gizani.

Mitungi ya hewa, ile ambayo askari huibeba ili apumue ndani ya moshi, naiona kuwa ya haraka kuliko yote, kwa sababu hapo anayekufa ni askari mwenyewe. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi presha ya baa 300 una hewa ya lita 2,000 hivi. Kwenye karatasi zinatosha dakika 50. Mtu anayepanda ngazi amebeba mpira, ndani ya joto na moshi, anazimaliza kwa dakika 30 au pungufu, na sehemu ya hewa hiyo lazima abakize ya kutokea. Akipewa mtungi uliojazwa nusu, au barakoa isiyobana usoni, tumempeleka kuzimu. Kompresa inayojaza mitungi nayo iangaliwe: chujio lake lina muda wake, na ikivuta hewa karibu na ekzosi ya gari, moshi huohuo wenye sumu unaingia mtungini. Na mavazi ya moto yana umri, hata yakionekana mazima. Kwa viwango nilivyovitaja, yakifika miaka 10 tangu kutengenezwa yanaondolewa kazini.

Kwa hiyo, pamoja na upimaji, naomba bajeti iwe na fungu la vipuri na matengenezo linalojitegemea, lisilochotwa kila mambo mengine yanapokwama. Kila gari liwe na daftari lake, likaguliwe kila zamu inapopokelewa, na fundi asaini alichorekebisha. Zaidi ya yote, askari anayeandika kasoro asionekane msumbufu. Najua vijana walioacha kuandika kwa sababu waliandika neno lilelile mwezi baada ya mwezi, hakuna aliyewajibu, na mmoja akahamishwa.

Upimaji huu ukifanyika, utajua gari jipya linahitajika la aina gani: la ngazi, boza la maji, au dogo linaloweza kupita mitaa myembamba. Huenda pia ukakuta gari lililoegeshwa muda mrefu linahitaji vipuri vichache tu lirudi barabarani. Niko tayari kufika kituoni siku yoyote utakayopanga, kusaidiana na mafundi waliopo, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa jiji,

Fundi mstaafu wa pampu na mitambo