Sapoti si nafasi ya aliyebaki

Mhariri,

Mashindano ya gemu za kompyuta yanaongezeka mitaani kwetu, na karibu kila mara zawadi ya mchezaji bora anapewa aliyeua wengi. Wakati wa kupanga timu nako, anayejua kidogo kuliko wenzake huambiwa, "Wewe kaa sapoti." Ni yaleyale ya chandimu: asiyejua mpira anapelekwa golini, kisha mabao yakiingia analaumiwa yeye. Nasema hasa kuhusu Dota 2 ya kampuni ya Valve, watano kwa watano, kila timu ikilinda minara na ngome yake, ambapo sapoti, yaani mchezaji wa kuwasaidia wenzake, ni nafasi ya nne na ya tano.

Sapoti anacheza na saa. Askari wa njiani, wanaoendeshwa na kompyuta, wanatoka kila baada ya sekunde 30. Wanyama wa msituni wanatokea dakika ya kwanza, kisha kila dakika inapogonga, ila kwa sharti moja: kambi yao iwe tupu. Hapo ndipo pana ufundi wa kurundika. Kwenye sekunde ya 53 hadi ya 55, kutegemea kambi, unampiga mnyama mara moja na kukimbia. Wanakufuata nje ya mipaka yao, saa inagonga, wengine wanazaliwa, na wale wa mwanzo wanarudi. Kambi moja imekuwa mbili, na atakayewaua anavuna dhahabu, fedha ya mchezo, maradufu. Ukiwahi, wanarudi kabla ya dakika kugonga na hakuna kinachozaliwa. Ukichelewa, wanakuwa bado ndani. Na wakati mwingine umepiga kwa wakati sahihi kabisa, lakini adui ameficha wadi, kifaa kinachochomekwa ardhini kuangalia eneo, ndani ya kambi, nayo inatosha kuzuia wengine wasizaliwe.

Wadi hizo, si za hospitali, ziko za aina mbili. Ya kuona ni ya bure, inakaa dakika 6, ila duka linazitoa kwa kibaba. Ya kufichua inagharimu dhahabu 50 na inaonyesha vilivyofichwa, pamoja na wadi za adui. Mgeni huichomeka ya kuona juu ya kilima kinachojulikana na kila mtu. Adui anajua, anaweka ya kufichua hapohapo, anaivunja na kulipwa dhahabu juu yake. Kosa jingine ni kuiweka huku unaonekana: ukishuhudiwa ukipanda kilima, ukasimama nukta moja na kugeuka, umeshawaambia ilipo. Na ukiichomeka bondeni nyuma ya miti, itatazama miti kwa dakika zote sita. Aliyezoea huangalia kwanza timu inataka kufanya nini dakika mbili zijazo, ndipo anachagua mahali. Kama mnakwenda kuvunja mnara, wadi inakaa kwenye njia watakayopitia watetezi, nyuma ya huo mnara.

Kila mchezaji anaanza na dhahabu 600. Mbebaji, yule wa nafasi ya kwanza anayelimbikiza ili aibebe timu mwishoni, anajinunulia vya kwake. Sapoti anagawa zake kwa dawa, wadi za kufichua na baadaye moshi, ambao kwa dhahabu 50 unawaficha wenzake waliomzunguka hata wadi ya adui isiwaone, mpaka wamkaribie adui au mnara wake. Pigo la mwisho la kumuua askari, lenye dhahabu, anamwachia mbebaji. Ndiyo maana ubao wa takwimu unamwonyesha fukara wa timu.

Kuna pia kuvuta: kuwaleta wanyama wa kambi ya karibu wakutane na askari wako njiani, wapigane wao kwa wao, adui akose alama za uzoefu na vita virudi karibu na mnara wako. Wengi wanavuta kambi isiyorundikwa. Askari wanaimaliza upesi, wanaungana na kundi linalofuata, na wote wanakwenda kugonga mnara wa adui. Mbebaji sasa anafuata dhahabu mdomoni mwa adui, akifa anakutukana, na safari hii ana haki.

Kwenye mapigano, tatizo kubwa ni papara. Sapoti wawili wanamduwaza adui mmoja kwa wakati mmoja, muda unapandana, na uchawi mmoja umekwenda bure. Wa pili angesubiri uchawi wa kwanza ukaribie kuisha. Au mchukue Dazzle, mmoja wa mashujaa wa mchezo huu, mwenye uchawi unaomzuia mwenzake asife kwa sekunde chache hata apigwe vipi. Ukiubonyeza mwenzako akiwa na nusu ya uhai, adui anamwacha, anasubiri uishe, anammalizia. Ukichelewa, unamlinda maiti. Anayecheza kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwenye seva ya Dubai au Afrika Kusini inabidi abonyeze mapema kidogo, maana amri inasafiri mbali kabla haijatiiwa. Huyo tunamwita mchezaji dhaifu?

Timu ya OG ilikuwa ya kwanza kulitwaa kombe la The International, mashindano makuu ya dunia ya Dota 2, mara mbili, Vancouver 2018 na Shanghai 2019. Nahodha wake, N0tail, alicheza nafasi ya tano, na JerAx ya nne. Team Spirit walioshinda Bucharest 2021 waliongozwa na Miposhka, naye wa nafasi ya tano. Kwa maoni yangu si bahati: mbebaji macho yake yako kwa askari anayetaka kumuua, sapoti ndiye mwenye nafasi ya kuisoma ramani nzima na kutoa amri.

Ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Baada ya kila mechi, mchezo wenyewe unahesabu wadi zilizowekwa na zilizovunjwa, kambi zilizorundikwa, uhai ulioponywa na vifo vya adui ulivyochangia. Fungueni ukurasa huo kabla ya kuita jina la mchezaji bora. Na ninyi wa kurasa za michezo, mkiripoti fainali, tajeni majina yote matano.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam