Kabla hujanunua friza

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Kusi limeanza kuvuma na bahari imechafuka, lakini nyumbani kote ni salama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi mno kusikia kuwa juisi zako za ukwaju na maembe zinaisha kabla ya alasiri. Mara ya pili ndipo nikalisikia vizuri lile neno la mwisho: kwamba una 25,000 mkononi na unataka kukopa 20,000 kwa simu ununue friza ya 45,000. Basi nimekaa nikuandikie, maana haya hayatoshi kuzungumzwa kwa simu.

Nikuambie jambo ambalo sijapata kukwambia. Mwaka wa kwanza wa biashara yangu nilikuwa nikipika hasara.

Unakumbuka nilivyoanza, mahamri 150 kila asubuhi, shilingi 10 kila moja. Kufika saa mbili sinia ni tupu, na watu bado wanauliza. Hesabu yangu ilikuwa ya kichwani: unga kilo 6, shilingi 540, sukari 160, mafuta 400, hamira na iliki 60. Jumla 1,160. Nikiuza 1,500 naamini nimepata 340. Lakini mwezi ukiisha sizioni hizo pesa, nikawa nadhani kuna mkono unaingia kwenye kopo.

Usiku mmoja binti yangu, wakati ule yuko kidato cha pili, alipewa kazi ya nyumbani ya somo la biashara, akaniomba nimtajie gharama zangu. Tulikaa jikoni juu, daftari tumelilaza karibu na mbuzi ya kukunia nazi. Lina madoa ya mafuta mpaka leo. Akaniuliza, "Mama, nazi je?" Nikamwambia nazi zatoka shambani kwa mjomba wako, hatununui. "Na makaa?" Makaa hununua babako. Akanyamaza, akaandika: nazi 6, shilingi 240, makaa 150. Akajumlisha, akanigeuzia daftari. Gharama 1,550. Mauzo 1,500.

Kila siku ilikuwa inanipita shilingi 50, na hapo sijajilipa hata senti kwa kuamka saa tisa za usiku. Sikupata usingizi. Si kwa ajili ya hizo hamsini. Kilichonikosesha raha ni kwamba ndugu yangu na mume wangu walikuwa wanawalisha wateja wangu, wao hawajui na mimi sijui. Nyumba ndiyo iliyokuwa inaibeba biashara, nami nikiamini biashara ndiyo inayoibeba nyumba.

Na haya tulilelewa nayo! Mali bila daftari hupotea bila habari, si ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa? Marehemu babu alisafirisha boriti kwa jahazi, na kila korija, yaani boriti ishirini, iliyoingia na kutoka aliiandika kwa herufi za Kiarabu, pamoja na maji ya kunywa ya mabaharia. Maji, shoga! Mimi sikuandika nazi.

Nikapandisha bei ikawa 15. Watu walinung'unika, na wengine hawakurudi. Sasa napika kilo 5, natoa mahamri 125, yakiisha yote napata 1,875. Gharama zote, nazi na makaa yakiwamo, ni kama 1,290. Hubaki 585. Hapo 300 ni ujira wangu, nazo ni pesa za nyumba, nazitumia nitakavyo. Zile 285 ni za biashara, siziazimi hata kwa nauli ya Mokowe. Napika kidogo kuliko zamani na napata zaidi, jambo ambalo nisingeliamini bila karatasi.

Kwa hiyo kabla ya friza, tenganisha pesa. Wewe wapokea malipo ya juisi kwenye laini ileile unayotumiwa ada ya watoto, utajuaje kipi ni kipi? Chukua namba ya till, ile ya kupokelea malipo ya wateja, au Pochi la Biashara kwenye hiyohiyo M-Pesa yako, pesa za wateja ziingie huko. Jioni jilipe ujira, kiasi kilekile kila siku, siku nzuri na siku mbaya.

Na wadeni waandike. Najua utaona haya kumwandika jirani. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, basi aibu iko wapi? Huku kusi likikaza wavuvi hawatoki, na nusu ya wateja wangu hula kwa deni. Nimejiwekea kikomo: deni zote pamoja zisizidi mauzo ya siku mbili. Likifika hapo nasema hapana, kwa upole, na hakuna aliyegombana nami.

Sasa friza yenyewe. Tuseme itadumu miaka 5, na kwa hewa ya chumvi hiyo ya Malindi nakuombea idumu. Shilingi 45,000 ukigawa kwa miezi 60 ni 750 kila mwezi, za kuweka kando ili ikifa ununue nyingine. Tokeni za stima tuzikadirie 1,500. Hizo ni 2,250. Kama kwa kila glasi hubaki na 15, unatakiwa kuuza glasi 150 za ziada kwa mwezi, yaani 5 kila siku, ndipo friza iwe imejilipia yenyewe tu. Wanywaji wa kuzidi hao 5 unao? Ikiwa juisi yaisha kabla ya alasiri naamini unao, lakini wahesabu wale unaowarudisha. Na mvua za masika je? Mtu aliyelowa hanywi ukwaju wa baridi, na rejesho la mkopo halijui mvua.

Mkopo ndio ulionitia hofu zaidi. Asilimia 7.5 yasikika kidogo, lakini ni ya siku 30. Kwa 20,000 ni 1,500. Ukishindwa, ukakopa tena kulipia, miezi sita ni 9,000, na zile 20,000 ziko palepale. Huku najua aliyefika hapo, akauza cherehani yake. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ikikukopesha hizohizo kwa asilimia 1 kwa mwezi, juu ya baki la deni, ukalipa 2,000 kila mwezi kwa miezi 10, riba yote inafika 1,100. Ona tofauti! Nami najua mama yako hataki kusikia neno riba nyumbani kwake. Zipo benki za Kiislamu nchini tangu 2008, ambazo huinunua bidhaa kisha zikakuuzia kwa bei mliyokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Hata hapo uliza bei ya mwisho uilinganishe na ya dukani.

Lakini mimi nina njia iliyo karibu zaidi. Mchezo wetu, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, unaanza upya mwezi ujao: majina 10, kila jina 1,000 kwa wiki. Majina mawili bado hayana mwenyewe. Ukiyachukua yote, utatoa 2,000 kwa wiki, kama 285 kwa siku, na zamu zako mbili zitakupa 20,000 kamili bila nyongeza ya mtu. Nitawaomba wenzangu wakupe wiki ya tatu na ya nne. Wanakujua kwa jina tu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama dhamana.

Ndiyo maana nataka kuona daftari lako kwanza. Andika siku saba, kila kitu, hata sukari uliyochota jikoni na ndimu za mti wa nyuma ya nyumba, unipigie picha. Kura tunapiga Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya alasiri, nyumbani kwangu.

Wasalimie watoto, na mama umbusie mkono.

Ni mimi shoga yako,
wa Langoni