Asante, kaka wa kanda za video

Kwako kaka uliyekuwa ukikodisha kanda za video kule Ngamiani, Tanga. Jina lako sikuwahi kulijua. Sisi watoto tulikuita Kaka Video, basi.

Mwaka ulikuwa 1993. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na deki ya mjomba ndiyo iliyokuwa sinema ya mtaa mzima. Jumamosi ile ikautafuna mkanda wa Kihindi, ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku. Nilikuja kwako nalia, nimeuficha ndani ya khanga ya mama. Faini hukuitaja. Ulifungua skrubu tano, ukakata kipande kilichoharibika, ukaunga kwa tepu, kisha ukauzungusha taratibu kwa kidole.

"Kwenye wimbo utaruka kidogo," ukaniambia. "Usimwambie mtu."

Kweli uliruka. Bibi, ambaye hakujua neno la Kihindi lakini nyimbo zote alizijua, akailaumu deki.

Asante sana, kaka. Na unisamehe: ule mkanda wa pili ulionipa bure niliurudisha bila kuupeleka mwanzo.