Risala ya wahudumu wa afya wa jamii kwa mgeni wa heshima, Lamu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, wazee wetu, mama zetu, wauguzi na vijana wote, asalaam aleikum.

Karibu sana Lamu, na pole kwa safari, bahari ya kusi twaijua. Leo tumemaliza mafunzo na kila mmoja amepewa begi lake, tunashukuru kwa dhati. Lakini kuna jambo liko moyoni na tumeona tukilinyamazia tutakuwa tumewakosea wenzetu Waaweer, jamii ndogo ya msituni hapa Lamu, hawa wengi mnawaita Waboni.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja mjamzito kutoka upande wa Kiangwe, uchungu umemshika tangu usiku, boti ya kukodi tulichangishana. Tulipofika hospitali (sitaitaja) swali la kwanza lilikuwa kitambulisho kiko wapi, la pili mbona mmechelewa, halafu wakaanza kuulizana wenyewe juu ya kichwa chake ati hawa wa msituni huwa hawaogi. Yule mama Kiswahili anakielewa vizuri tu. Aliinamisha uso akawa anakunja ncha ya leso yake, anaikunja anaikunjua, mpaka mtoto akazaliwa hakusema neno tena. Mimba iliyofuata alijifungulia nyumbani, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Watu husema Waboni hawapendi hospitali. Si kweli. Zahanati za kule Basuba na Mangai zilifungwa miaka na miaka baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab na ile operesheni ya usalama msituni iliyoanza 2015, sasa mtu atapenda kitu ambacho hakipo? Na tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ianze Oktoba 2024 kujiandikisha ni kitambulisho kwanza, na wako watu wazima kule hawana.

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Marekani kule Tuskegee wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa tu na watafiti wa serikali bila kutibiwa, kuanzia 1932 hadi 1972, hata baada ya dawa yake, penisilini, kupatikana, rais wao akaja kuomba msamaha 1997 na bado kuna familia haziamini daktari mpaka leo. Hata hiki kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, kimo kwenye mabegi yetu, utafiti wa 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hivyo tumekubaliana, mgonjwa akisema pumzi hazitoshi tunamwamini yeye kwanza, namba baadaye.

Mheshimiwa, Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Tunaomba zahanati za msituni ziwe na muuguzi anayelala huko huko, si wa kuja siku moja akarudi. Tunaomba boti ya wagonjwa yenye mafuta, maana boti ipo mara nyingi, mafuta ndio hayapo. Na wapo wasichana wa Kiaweer waliomaliza fomu foo, wawili wako hapa wamekaa safu ya nyuma, wapelekeni chuo wasomee uuguzi, ili mama akifika mapokezi asalimiwe kwa lugha yake kabla ya kuulizwa kadi.

Ni sisi wahudumu wa afya wa jamii. Ahsante kwa kutusikiliza.