Hoja ya ukubwa iache, mwanangu

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka nyumbani, sote wazima. Ujumbe wako nimeupata, pamoja na hoja yako ya kwanza ya mdahalo: "Binadamu anawazidi wanyama wote kwa sababu ubongo wake ndio mkubwa kuliko wote." Nimecheka peke yangu ofisini. Upinzani wakiwa na mtu mmoja tu aliyewahi kusoma habari za tembo, mmekwisha.

Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 au 1.4 hivi. Wa tembo unakaribia kilo 5, na kuna aina ya nyangumi ambaye wake hufika kilo 8. Ukikimbilia kusema "tukilinganisha na mwili," watakuletea kirukanjia. Kwa uwiano huo anatupita, na amelala kwenye majani huko shambani. Na ile ya kwamba mtu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake ifute kabisa. Si kweli, hata anayeisema anautumia wote.

Unajua kazi yangu hii ya mifugo. Mbwa akishukiwa kichaa, sampuli huchukuliwa kwenye ubongo, kwa hiyo nimeona bongo nyingi. Ubongo wa mbwa nao una mikunjo, una ubongo mdogo kule nyuma, una kila kitu ambacho ninyi mnachora kwenye daftari la baiolojia. Kwa macho hutaona ni wapi utu unaanzia.

Ndiyo maana nampenda Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi wa Brazil. Yeye alichoka kukisia. Alichukua ubongo, akauyeyusha kwenye maji yenye sabuni maalumu mpaka ukawa supu (mwenyewe huiita hivyo), akahesabu viini vya seli kwa hadubini. Vitabu vilikuwa vikisema tuna seli za neva bilioni 100. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakapata 86. Kisha wakamfanyia tembo wa Afrika hesabu hiyohiyo: bilioni 257! Ila karibu zote zimo kwenye ubongo mdogo, unaoratibu mwendo wa misuli, na huenda ule mkonga ndio unaozidai. Kwenye gamba la nje, pale panapofanyika kupanga na kupima mambo, tembo ana bilioni 5.6. Sokwe ana kama 6 au 7. Sisi tuna 16.

Najua sasa hivi umeshika kalamu kuandika "bilioni 16." Subiri. Wako pomboo wakubwa weusi wa Atlantiki ya Kaskazini waliokadiriwa kuwa na bilioni 37 kwenye gamba hilohilo. Kwa hiyo hesabu nayo inavuja. Ilichotuonyesha ni jambo jingine, nami naliona zito kuliko idadi: ubongo wetu umejengwa kwa kanuni zilezile za ubongo wa nyani na sokwe, seli ndogondogo zilizobanana, ila umeongezwa. Hatukuletewa kiungo kipya. Wanaokasirika wakisikia hivyo wakasirike tu.

Basi usimamie wapi? Mimi ningesimamia ulezi. Mtoto wa sokwe huzaliwa ubongo wake umefika kama asilimia 40 ya ukubwa wa utu uzima, wa kwetu haujafika hata 30. Sehemu kubwa hukua nje, katikati ya watu wanaosema, wanaokemea, wanaoonyesha. Sehemu ya mbele, ile ya kujizuia, hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. (Kaka yako mjulishe, asijitetee nayo.)

Wana hoja ya kukujibu hapo, na iko hapahapa Tanzania. Gombe, mwaka 1960, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliona sokwe akichomeka jani kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Watoto wao hujifunza kwa kumwangalia mama, na mabinti huiweza mapema kuliko wavulana, hilo nimeliandika ili ufurahi. Lakini mama sokwe mara nyingi humwacha mtoto ajionee. Ni nadra amrekebishe. Binadamu hawezi kukaa kimya mtoto akikosea hata kushika mwiko. Wakikutajia Ayumu, sokwe wa Kyoto aliyewashinda wanafunzi wa chuo kikuu kukumbuka tarakimu zilizomulika kwenye skrini na kupotea, kubali. Waambie tu kwamba watu wakizoezwa humfikia.

Hoja ya pili ni chakula, na hii wachache wataitarajia. Ubongo ni asilimia 2 ya uzito wako lakini hula asilimia 20 ya nishati. Mtoto wa miaka kama mitano, ubongo wake huchukua karibu theluthi mbili ya nishati ya mwili uliopumzika, ndiyo maana urefu huenda polepole umri huo. Nishati yote hiyo tumeipata wapi? Nyayo za watu wa kale zilizopatikana Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu, zina miaka milioni 3.6 na zaidi. Waliozikanyaga walitembea wima kama sisi, lakini ubongo wa watu wa jamii yao ulikuwa kama theluthi ya wetu. Kutembea hakukutosha. Richard Wrangham, aliyewahi kusoma sokwe Gombe, anashikilia kwamba ni moto: chakula kilichopikwa hutoa nishati zaidi kwa kutafuna kidogo. Herculano-Houzel na mwenzake walipiga hesabu wakaona tungekula vyakula vibichi tu, tungehitaji zaidi ya saa 9 kwa siku kulisha mwili na kichwa hiki. Si wote wanaomkubali Wrangham kuhusu lini moto ulianza kutumika, kwa hiyo sema "inadhaniwa."

Mama anauliza kama ni kweli hunywi uji asubuhi. Nimemtuma mjomba wako akuletee sukari na karanga Jumamosi. Mdahalo ukiisha niandikie walichojibu, hasa kuhusu wale pomboo.

Ni mimi,
Baba yako