Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaokwenda Kazini Ugenini Bila Lugha

Wanangu,

Kazi mmepata, viza imegongwa, na lugha ya huko mwendako hamuijui. Siwaambii mngoje hadi muijue. Ninawasihi mjue pa kuanzia, maana wengi huanza na salamu na majina ya matunda, wakati neno litakalookoa kidole cha mtu kwenye mashine ni "simama".

Anzeni na maneno ya kazi yenyewe: simama, subiri, zima, usiguse, hatari, moto, nimeumia, sijaelewa. Kisha tarakimu, tena mzizoee kwa sikio. Kwa Kijerumani na Kiarabu, 25 hutamkwa "tano na ishirini". Mgeni mwenye haraka huandika 52, na hapo hesabu ya saa au ya mzigo imeharibika. Maneno 10 kwa siku kwa wiki 8 ni 560. Hata nusu yakipotea, 280 yanakutosha kuanzia kazi.

Ninaloliogopa zaidi ni "ndiyo" ya kuona haya. Msimamizi anaeleza, huelewi, unatikisa kichwa. Anaondoka akiamini umeelewa, na ajali ikitokea atasema alikuelekeza, naye hatakuwa amesema uongo. Rudia agizo kwa vitendo: gusa swichi anayoitaja, onyesha idadi kwa vidole, ngoja akubali ndipo uanze. Atakayekasirika kwa dakika moja, mwacheni akasirike.

Mkataba nao usomeni kabla ya kupanda ndege. Ukiwa wa lugha mbili, tafuteni kifungu kinachosema nakala ipi itafuatwa zikitofautiana. Mara nyingi ni ile msiyoweza kuisoma. Mpelekeeni mfasiri asiyelipwa na wakala, alinganishe mshahara na sarafu yake, saa za kazi, makato, muda wa notisi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Programu ya simu haiwezi kazi hiyo. Ikidondosha "si" au "isipokuwa", maana inageuka na wewe hutajua. Itumieni njiani na dukani, kwa sentensi fupi, na pakueni lugha hiyo mapema ili ifanye kazi bila intaneti.

Pasipoti kaeni nayo wenyewe.

Mkizozana na mwajiri, mtu wake asiwe mkalimani wenu. Mkikamatwa, msitie sahihi maelezo msiyoyaelewa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, makubaliano ya nchi kuhusu mahusiano ya kikonseli (kazi za balozi ndogo), unakupa haki ya kuomba ubalozi wako mdogo uarifiwe. Na katika nchi zilizoridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Ombeni haki hizo kwa kuzitaja.

Mwisho, tengenezeni kadi ndogo katika lugha ya huko: jina, kundi la damu, mzio, majina ya dawa unazotumia (jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kwani la kampuni hubadilika kila nchi), anwani unapolala, simu ya ubalozi. Iwe ya karatasi, maana simu huishiwa chaji. Ikae mfukoni mwa nguo za kazi, na nakala nyingine aachiwe mwenzako wa zamu.

Mzee wenu